Damu ya Wodi ya Tatu

Kwa miaka tisa fundi huyu wa maabara amekuwa akipima protini zilizo juu ya chembe nyeupe za damu, zile zinazoiamuru chembe ipigane au itulie. Chembe zikigandishwa hupasuka, na kipimo hakuna.

Asubuhi hiyo aliikuta damu ya mtoto wa wodi ya tatu ndani ya friza, ngumu kama jiwe. Bila kipimo, daktari hawezi kumchagulia dawa.

“Kaka, si nilisema iachwe mezani?”

“Dada, nimeihifadhi isioze,” karani wa mapokezi alijibu, akisubiri shukrani. “Mbona nyama inakaa mwezi mzima?”

Ilikuwa mara ya tatu damu ya mtoto huyo kugandishwa. Fundi akapanda ngazi. Mama wa mtoto alipomwona tu na sindano, akauficha mkono wa mwanawe.

“Hivi huko chini mnainywa?”

Fundi alikiri moyoni kwamba maelezo hayo yaliaminika kuliko yake.