Kamba ya Mwisho Inamsubiri Mtu wa Mlangoni

"Siku ile mjinga nilikuwa mimi," anasema Fundo, mguu mmoja juu ya kamba nene iliyozungushwa kwenye nguzo ya chuma. "Niliambiwa fungua, nikafungua."

Ni asubuhi gatini. Malori yanaingia melini kwa mlango wa nyuma, yakipiga honi kama yamealikwa harusini. Fundo, jina alilobandikwa na mabaharia, ndiye mfungua kamba. Meli haiondoki mpaka aichomoe ile ya mwisho. Kazi yenyewe, anatania, hata mbuzi angeiweza, ila mbuzi angeila kamba.

Desturi ya gati ilikuwa moja. Mlango unafungwa, baharia wa mlangoni anainua mikono yote miwili, ndipo kamba inafunguliwa. Kisha ofisi ikaleta amri mpya: lori la mwisho likishaingia tu, fungua, mlango utamalizia kufungwa njiani. Eti muda usipotee. Waliotoa amri hiyo bahari wanaiona kwenye kalenda ya ukutani, chini ya kiyoyozi.

Fundo akatii. Upepo ulikuwa umechachamaa. Mlango ukakwama katikati, maji yakaingia, lori likateleza na kumbana ukutani baharia wa mlangoni. Meli ilirudi imelala upande. Aliyeshushwa kwa machela alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Mguu ulikatwa chini ya goti.

"Ofisi ikaandika kwamba shemeji alisimama pasipostahili," anasema, na hapo utani unamtoka. "Mtu wa mlangoni asimame wapi, jikoni?"

Dada yake hakumlaumu. Alimwekea sahani mezani, akamwambia ale, chakula kinapoa. Hilo, anasema, lilimchoma kuliko matusi. Sasa dada anafulia watu nguo ili watoto wanne wapate kula, na mumewe anazianika akiegemea mkongojo.

Tangu hapo Fundo ameirudia desturi ya zamani, ofisi ipige kelele redioni ipendavyo. Ameonywa mara mbili. Akichelewesha meli tena, afungashe virago. Anachotaka ni kitu kimoja: amri ya kuondoka itoke kwa mtu wa mlangoni. Alilipeleka ombi lake ofisini, akaambiwa aketi asubiri. Amesubiri mpaka kiti kikachoka yeye akiwa bado mzima.

Leo lori la mwisho limeingia. Mlango unapanda polepole, unaguna kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Meneja mwenyewe anashuka garini, viatu vinang'aa, anaiangalia saa yake kabla hajamwangalia mtu.

"Fungua, mzee. Hiyo ni amri."

Fundo anamuuliza kwa upole kama mlango umefungwa. Meneja anajibu kwamba mlango ni wa mabaharia, amri ni ya ofisi, na kamba ni ya Fundo, kama bado anaitaka kazi. Wapagazi wameacha kusukuma mikokoteni. Kule juu, baharia kijana aliyechukua nafasi ya shemeji angali anahangaika na komeo, mikono yake haionekani.

Mguu wa Fundo hautoki kwenye kamba.

"Bosi, mimi na wewe tunabaki hapa nchi kavu. Amri yetu ikiwa mbaya, hatulowi hata soksi. Namsubiri yule atakayelowa."