Viatu Vinavyonasa

Zamani Jumamosi zetu zilikuwa na vituo. Rafiki yangu, aliyetuanzishia safari za baiskeli kutoka Embu hadi Runyenjes, aliendesha baiskeli nzito ya chuma yenye karia ya mizigo nyuma, na hakumpita mtu mzima barabarani bila kushuka na kumpa mkono. Nasi tulishuka naye. Milima tuliipanda kwa miguu, tukisukuma na kupiga domo.

Kisha zikaja baiskeli nyepesi zenye gia nyingi, na viatu vyenye chuma kwenye soli. Kiatu kinanasa kwenye pedali, mguu na baiskeli vinakuwa kitu kimoja. Kujinasua, unazungusha kisigino. Mlima ukawa mtamu, kushuka kukawa usumbufu. Rafiki yangu aliachwa nyuma, akaachwa tena, halafu akaacha kuja. Hakuna aliyemfukuza.

Majuzi, baada ya mvua, wenzangu wakiwa wametangulia, nilimwona mbele yangu kwenye barabara ya mashamba ya chai, gunia la parachichi kwenye karia. Nilitaka kumwomba arudi. Nikapunguza mwendo kando yake, nikazungusha kisigino. Wapi! Tope nililokanyaga huko nyuma lilikuwa limeshindiliwa kwenye chuma. Nikaanza kuinama kama mgomba. Akaitupa baiskeli yake, akanidaka kwa tandiko la baiskeli.

"Shuka basi tusalimiane."

"Siwezi. Nimenaswa."

"Woi! Siku hizi mnafungwa kama mbuzi?"

"Usicheke, utaniangusha. Rudi Jumamosi, tutakungoja."

"Mtaningoja aje, na hamwezi kusimama?"

Akafungua mkanda wa kiatu changu cha kushoto kwa mkono mmoja. Nikauchomoa mguu, nikakanyaga udongo baridi kwa soksi. Kiatu kilibaki kwenye pedali, mdomo wazi.

"Na huu mwingine?" akauliza.

Huko mbele, nyuma ya kona, wenzangu walipiga mluzi. Wakapiga tena, kwa mbali zaidi. Nilijua sauti hiyo inavyofifia. Yeye aliijua kuliko mimi.

Nikaurudisha mguu ndani ya kiatu, na soksi yake ya tope. Aliinama, akafunga mkanda yeye mwenyewe, akaukaza, kisha akaweka mkono mgongoni mwangu na kunisukuma.

Sikuweza hata kugeuka kumpungia. Tope lilinikaukia kati ya vidole hadi Embu.