Walio Nyuma ya Mama Kioo

Redio ilikuwa ikinguruma juu ya rafu ya puti, ile gundi nzito ya kushikizia vioo, na Mama Kioo alikuwa ameinamia shiti ya kioo, kikata mkononi, hataki kusemeshwa na mtu. Kioo ukishaanza kukichora mstari huwezi kusimama njiani. Ukisita kidogo tu, kinapasuka kinakotaka chenyewe. Kwa hiyo aliyasikia maneno yote ya redioni bila nafasi ya kuyajibu.

Mtangazaji alikuwa ameuliza kwa nini watu wa mtaa wa Dukani wana mali na watu wa mtaa wa Laini wamebaki palepale, ilhali mababu wa hawa na wa wale walishuka kwenye meli zilizofuatana, kutoka ng'ambo, kila mmoja na kifurushi chake kwapani. Wasikilizaji wakapiga simu. Mmoja akasema watu wa Laini wanapenda starehe. Mwingine akasema ni wavivu wa kuzaliwa. Wa tatu, ambaye Mama Kioo aliitambua sauti yake kwa kuwa ni fundi viatu jirani yake wa Laini, akasema, "Tuseme ukweli jamani, sisi hatupendani."

Alimaliza mstari, akakigonga kioo kwa chini, kikaachana vipande viwili bila hata chembe kuruka. Ndipo akaizima redio.

"Mbona umezima?" akauliza kaka yake, aliyekuwa amekaa mlangoni anaota jua. "Wanasema kweli tupu."

"Mvivu wa kuzaliwa ndiye mimi hapa?"

"Wewe ni wewe. Wanasemwa wengine."

"Wataje."

Kaka yake akavuta kofia mbele, akajifanya jua limemzidi.

Kaka huyo alikuwa mpakuzi wa mizigo wa stesheni, sasa mstaafu, na mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha Laini. Mama Kioo ndiye kitinda mimba wa nyumba yao, mjane, mama wa mabinti wawili walioolewa mbali. Ufundi aliupata kwa baba yao, aliyekuwa akibadilisha vioo vya mabehewa kwenye karakana ya reli. Baba alimwita kwanza mtoto wa kiume, kaka huyuhuyu, lakini yeye siku ya kwanza tu alivunja vioo akashindwa kukumbuka idadi. Jioni ile mzee alirudi nyumbani na kidole kilichofungwa kitambaa, akasema, "Kesho nipeni huyu mdogo. Ana mkono wa taratibu."

Laini ilikuwa safu za nyumba zilizojengwa na kampuni ya reli, ukuta mmoja kati ya jirani na jirani, ukikohoa unapewa pole na mtaa mzima. Waliowekwa humo ni vibarua walioletwa kwa mkataba. Dukani ni barabara kuu. Wa kule hawakuletwa na mtu. Kila mmoja alikuja akimfuata mjomba au binamu aliyekwisha kufungua duka. Lugha za kwao, hawa na wale, walikwisha kuzisahau. Kaka yake alipenda kutania kwamba kilichobaki ni jina la ukoo na namna ya kupiga chafya.

Mama Kioo hakuwa mtu wa kijicho. Lakini mwezi uliotangulia alikuwa amekosa kazi ya zahanati mpya. Mkandarasi alikuja karakanani kwake, akaupitisha mkono kwenye ukingo wa kioo alichokisugua, akaridhika, kisha akauliza jambo moja tu: "Vioo vyote unaweza kuvileta kwa mkupuo?" Hakuweza. Alikuwa akinunua shiti moja moja, akiuza ndiyo anunue nyingine. Kazi ikaenda kwa kijana mmoja wa Dukani, mtu mwenye heshima zake, ila pembe za vioo vyake ilibidi zifichwe kwa puti. Sasa hili la redio likaja juu ya lile la zahanati, sawa na mtu kukanyagwa kidole kilekile mara mbili. Akavua aproni.

"Unakwenda wapi?" akauliza kaka yake.

"Kuuliza."

Duka la jumla la vioo na vifaa vya ujenzi lilikuwa la mama mmoja mtu mzima wa Dukani aliyeitwa Bi Mizani, kwa sababu hakuna msumari uliotoka kwake bila kupimwa. Watu walimsema kuwa ni mkono wa birika. Alimkaribisha Mama Kioo kwenye kiti cha plastiki karibu na makopo ya rangi.

"Mama, leo sikuja kununua," akasema Mama Kioo. "Yule kijana wa zahanati, zile kreti za vioo alizilipia?"

Bi Mizani akacheka kwa pua. "Alipe na nini? Ana mtoto mchanga na pikipiki mbovu. Nilimkopesha."

"Kwa dhamana gani?"

"Watu. Nyuma yake kuna watu kumi. Asipolipa yeye, wanalipa wao. Marehemu mume wangu alianza hivyo, na baba yake hivyo hivyo. Hata babu aliposhuka melini alikuta watu wamekwisha kumsimamia kabla hajajua atalala wapi." Akamtazama. "Wewe nakujua tangu ulipokuwa ukija hapa umeshika suruali ya baba yako. Mkono wako unaushinda wa yule kijana, mimi si kipofu. Lakini nyuma yako kuna nani?"

Babu yake Mama Kioo aliposhuka melini alikuta msimamizi na kibao cha namba. Nyumba ilikuwa ya kampuni, duka la kununulia chakula lilikuwa la kampuni, na kuuza hata karanga mlangoni kulikuwa kosa la kufukuzisha mtu kazi. Yote hayo aliyajua. Alichokuwa hajawahi kukifanya ni kuyaweka meza moja na habari za babu wa Bi Mizani.

"Na usidhani ni raha tupu," akaendelea Bi Mizani, sasa sauti imeshuka. "Mtoto wa dada yangu alishindwa kulipa. Wale kumi wakalipa, wakachukua nyumba yake. Leo hakuna anayemwalika harusini. Dada yangu akinipita barabarani anaangalia upande wa pili, maana mdai nilikuwa mimi."

Mama Kioo akauliza, "Nikileta watu?"

"Lete. Lakini sitaki karatasi. Kwenye karatasi hata mlevi anaweka dole gumba. Nataka waje na miguu yao wasimame hapo, niwaone machoni."

Jumapili ile chama cha kuzikana kilikutana ukumbini, palipopangwa viti vya chama, maturubai ya chama na masufuria ya chama. Akiba yao benki ilikuwa nzuri, kila mtu alijua. Mama Kioo alisimama kabla ya kufungwa kikao.

"Mtu wa Laini akifa," akasema, "anapata jeneza la mbao ngumu na gari la kumbeba. Akiwa hai akaomba mtaji wa misumari, anaambiwa avute subira. Naomba sehemu ya akiba itukopeshe mafundi. Au tunangoja mtu afe ndipo tumpende?"

Vijana wa nyuma wakacheka. Wazee hawakucheka. Kaka yake, mwenyekiti, akainuka polepole, na safari hii hakuwa na utani wowote.

"Mdogo wangu, nikwambie jambo ambalo baba alikuficha kwa kuwa ulikuwa msichana. Kampuni ilikuwa ikizika watu wetu kwenye magunia ya saruji. Shimo moja watu wawili, bila jina. Babu yetu yumo humo, na hakuna ajuaye shimo lipi. Waliobaki wakaapa kwamba hakuna mtu wao atakayezikwa hivyo tena, wakaanza kuchanga, na chochote walichopata walikileta hapa. Wenzetu wa Dukani walipochanga, walichangia duka, kwa sababu wafu wao hawakuwahi kulala kwenye gunia. Sisi tulichangia sanda. Pesa hii haitoki kwa kazi nyingine nikiwa hai."

Kura zilipopigwa, Mama Kioo aliuinua mkono wake, lakini hata yeye aliuona mzito. Alishindwa vibaya.

Alirudi nyumbani kwa mguu na hakula. Hasira hakuwa nayo. Alimfikiria yule babu na shimo lisilojulikana, akalia kidogo, akajifuta kwa upindo wa kanga. Asubuhi alikuwa amekwisha kupiga moyo konde. Pesa ya wafu wangebaki nayo wenyewe. Alichotaka kwa walio hai hakikuwa pesa, kilikuwa miguu yao hadi dukani.

Akaanza mlango kwa mlango. Mmoja alimwambia akisikia neno mdhamini goti linamuuma. Mwingine alijificha chooni akamwagiza mkewe aseme amesafiri, na Mama Kioo akakaa barazani kuzungumza na mke mpaka msafiri akashindwa kuvumilia, akarudi. Kwa fundi viatu alisema, "Nimekusikia redioni ukisema hatupendani. Njoo Jumatatu uje kuwasuta hao wasemaji." Fundi viatu akajikuna kichwa, akakubali. Akampata mshona nguo, seremala, mchomelea vyuma, mwalimu mstaafu na wengine, wote tisa. Wa kumi alimhitaji kaka yake.

"Mimi nasimamia wafu," akasema kaka yake. "Wana faida moja, hawakimbii."

"Kaka, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana sitaki kufika mahali pa kukudai."

Hakumlaumu. Jumatatu waliingia kwa Bi Mizani wamevaa nguo zao za kutokea, mwalimu na tai yake, seremala na viatu alivyoazima vilivyomlazimisha kutembea kama bata. Wateja wakajisogeza pembeni wakidhani kuna msiba. Bi Mizani aliwahesabu kwa kidevu.

"Mko tisa."

"Tisa," akasema Mama Kioo.

"Asipolipa huyu?" Bi Mizani alimuuliza mshona nguo aliyesimama mbele kabisa.

"Nitauza cherehani."

"Na wewe?"

"Mimi nina pensheni," akasema mwalimu. "Ni ndogo, lakini haijawahi kuchelewa."

Aliwauliza wote, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyerudi nyuma. Kisha akasema, "Kumi wanapata kreti nzima. Tisa wanapata nusu."

"Nusu haitoshi hata kazi moja ya maana."

"Basi tafuta kazi ya nusu maana."

Mama Kioo akaitafuta. Palikuwa na shule ambayo madirisha yake yalizibwa kwa makaratasi ya boksi, na mwalimu mkuu alikuwa na fedha za kutengeneza darasa moja kwa muhula. Mafundi wa Dukani hawakuona faida ya kuja kwa darasa moja. Yeye alikwenda. Alipima mwenyewe, akakata mwenyewe, akapanda ngazi mwenyewe na magoti yake yanalalamika. Alimlipa Bi Mizani kabla ya siku waliyokubaliana, akachukua nusu nyingine. Baada ya darasa la mwisho alipewa kreti nzima, na neno la tisa au kumi halikutajwa. Yule kijana wa zahanati akaanza kumletea vioo vya duara akatiwe, maana duara lilimshinda, naye akamtoza bei ya fundi kwa fundi.

Lakini mambo hayakwenda mserereko. Seremala naye alisimamiwa na wenzake akachukua mbao za mkopo kwa Bi Mizani, akatengeneza milango ya nyumba nzima, na mwenye nyumba akahama mji bila kulipa. Deni likawaangukia wenzake. Walikutana karakana kwa Mama Kioo, nyuso zimewashuka. Fundi viatu alitaka wachukue vifaa vya seremala wauze.

"Dukani ndivyo wanavyofanya," akasema. "Na ndiyo maana wanaendelea."

"Tukichukua randa yake atalipa na nini? Kucha?" akauliza Mama Kioo. "Dukani wana mengi ya kuiga. Hili la kumtupa mtu, mimi silibebi. Tutalipa, na yeye atatulipa kwa kazi mpaka iishe."

Walilipa, na iliwauma kwelikweli. Mshona nguo aliahirisha kununua kitambaa cha msimu. Fundi viatu alitoa fungu lake, kisha akajitoa, akasema asimwone mtu mlangoni kwake tena. Seremala mwenyewe aliona haya hata kupita mtaani mchana.

Wiki ile kaka yake Mama Kioo alifika kwa seremala akiwa na viti viwili vilivyovunjika migongo.

"Ukumbini kuna vingi vya namna hii," akasema. "Chama kimeamua vitengenezwe, na fundi analipwa taslimu. Matengenezo ya vifaa vya msiba yamo kwenye katiba, nimeisoma."

Mama Kioo alipomuuliza kama amebadili msimamo, alisema hajabadili hata nukta. Viti ni viti. Seremala alivitengeneza vyote, akaanza kupunguza deni la wenzake, na mwalimu akawa anampitishia kazi za madawati.

Ukipita sasa utaona bila kuambiwa: Dukani bado ni ghorofa na Laini bado ni mabati, na huenda mabinti wa Mama Kioo watazeeka hali ikiwa hivyo. Yeye halifichi hilo. Ila mchomelea vyuma amechukua shehena yake ya nondo, mshona nguo ana cherehani ya pili, na nafasi ya fundi viatu imejazwa na mama mfuma vikapu anayewaita wote wanangu, hata mwalimu aliyemzidi umri. Pamoja na Mama Kioo mwenyewe, wako kumi tena.

Na Mama Kioo, juzi alimfuata mkandarasi anayejenga bweni la chuo. Yule mkandarasi alianza kumweleza kwamba kazi ni kubwa, kwamba vioo ni vingi, kwamba labda angetafuta mtu wa Dukani.

"Nionyeshe madirisha," akasema Mama Kioo, akatoa futi yake mfukoni. "Nipime kabla jua halijakuwa kali."