Kipa Wetu Alipoenda Kupiga Penalti

Marafiki, leo Embu wametufunga goli kukiwa hakuna mtu golini. Msicheke bado.

Mnajua timu yetu ya hoki hapa Meru. Tangu msimu ukaribie kuisha, sisi washambuliaji hatufungi kitu. Kipa wetu Mutwiri ndiye anatubeba. Anazuia kwa mguu, kwa fimbo, hata kwa kifua.

Na leo tukishindwa, tunashuka ligi.

Dakika za mwisho, sufuri kwa sufuri, tukapewa penalti!

Kocha akauliza, "Nani anapiga?"

Wote tukaangalia pembeni.

Hata mimi, niliyecheza Nairobi, Kisumu mpaka Kampala, nikainama kufunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa.

"Haki baite, wenzangu, hakuna mwanaume hapo?" Mutwiri akaita kutoka golini. Akaja mwenyewe, na helmeti yake na zile pedi kubwa za miguuni, anatembea kama bata aliyeshiba. (Sheria inaruhusu, niulizeni mimi.)

Akapiga. Kipa wa Embu akazuia.

Wakaanzisha mpira haraka, na Mutwiri bado yuko huku kwao!

"Kimbia, Mutwiri, kimbia!" tukapiga kelele, kana kwamba anatembea kwa kupenda. Kijana wa Embu akafika peke yake, akasukuma mpira ndani polepole, kama mtu anafunga mlango wa jirani.

Tumeshuka.

Baadaye Mutwiri akatusalimia kwa mkono, mmoja mmoja.

"Poleni wazee, nimewaangusha."

Yeye! Atuombe msamaha sisi!

Mimi na mdomo wangu wote nikainama tena kufunga kamba za viatu. Nyinyi mngemwambia nini?