Sababu za Kifamilia

Tarishi wetu tulimwita Mzee Bahasha, na jina alilichekea mwenyewe. Miaka ishirini na sita alipanda na kushuka ngazi za ofisi na barua za watu kwapani, asilalamikie kitu ila magoti. Alipostaafishwa akapewa mwezi mmoja ahame chumba cha kampuni, na mkewe yumo ndani hajiwezi.

Akaja mezani kwangu, mimi karani wa barua.

"Mwanangu, niandikie kwa bosi. Mwambie mama yenu hageuki kitandani, mimi ndiye ninayemgeuza. Nikimhamisha saa hizi atanifia njiani. Mwambie namwomba kama mwanangu, atuache tu hapo mpaka itakavyokuwa."

Nami kwa ujuaji wangu nikaona hayo si maneno ya ofisini. Barua haiandikwi "atanifia", bosi atasema mzee analialia. Nikampigia chapa barua iliyonyooka kama shati la pasi: "Ninaomba kuongezewa muda wa kuishi katika makazi ya kampuni kutokana na sababu za kifamilia zilizo nje ya uwezo wangu." Macho yake siku hizi hayaoni herufi ndogo. Akaniamini, akatia sahihi.

Bosi aliisoma amesimama, kikombe cha chai mkononi.

"Sababu za kifamilia. Nani hana familia hapa? Angekuwa na shida ya maana si angeisema? Mjibu haiwezekani."

Hapo ndipo ningefungua mdomo. Lakini kusema ni kukiri kwamba maneno ya mzee wa watu niliyatupa mimi, na bosi hapendi karani mwenye maneno mengi. Nikasema, "Sawa, bosi," nikaenda kupiga jibu. Najichukia mpaka leo.

Kesho yake nilimsomea mwenyewe: "Baada ya ombi lako kufikiriwa kwa kina, tunasikitika kukuarifu kuwa halikukubaliwa."

Akaniuliza:

"Kwa hiyo bosi aliambiwa kwamba hageuki?"

"Aliambiwa, mzee."

"Na kwamba ni mimi ninayemgeuza?"

"Hata hilo."

"Nilitaka niingie nimwone mwenyewe, nimweleze kwa mdomo wangu," akasema. "Lakini kama yote hayo anayajua, nitamwambia nini tena?"

Akaniaga vizuri, akanishukuru kwa barua, akaenda kufunga vyombo.