Karatasi Niliyoibandika Mlangoni

Nyumba ile ilijengwa kwa matofali mabichi na kuezekwa mabati. Marehemu mume wa mama mwenye nyumba aliyanunua mabati hayo kidogo kidogo, enzi alipokuwa akifanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui. Ilikuwa Shinyanga mjini, si mbali na kiwanda cha kuchambua pamba. Mimi nilipanga chumba cha uani. Nilikuwa nimetokea Geita, ambako nilikuwa nachekecha mchanga kwenye mashimo yaliyoachwa baada ya mgodi kufungwa, na kabla ya hapo nilikuwa utingo. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu nilitaka kujua malori ya pamba yanakwenda wapi.

Mama alikuwa akiuza chai, maandazi na maharage kwenye chumba cha mbele. Meza mbili, mabenchi manne, na jiko nyuma ya ukuta. Asubuhi vibarua wa pamba walijaa mpaka wengine wanakunywa wamesimama. Hakuna aliyewahi kumsumbua. Ni mimi niliyeanzisha.

Siku moja nilipita ofisi za mji, nikaona mlango wazi na ramani kubwa ukutani, imepakwa rangi. Nikaingia. Afisa wa mipango miji alikuwa kijana wa rika langu, na nadhani alifurahi kupata mtu wa kumuuliza maswali. Akanieleza kwamba kila kiwanja kina matumizi yake. Hiki cha kuishi, kile cha biashara, kule viwanda, pale ni mahali pa wazi, hapajengwi kitu. Mtu haruhusiwi kuigeuza nyumba ya kulala kuwa duka, au duka kuwa mashine ya kusaga, mpaka aombe na akubaliwe.

"Hata kama nyumba ni yake?" nikamuuliza.

"Nyumba ni yake. Matumizi ni ya mji."

Maneno yale yalinikaa kichwani. Nilikuwa nimeutembea ule mji miezi kadhaa bila kujua kwamba ninatembea juu ya rangi. Nikatafuta nyumba ya mama kwenye ramani. Ilikuwa katikati ya rangi ya makazi.

Jioni nikamwambia. Alikuwa anakanda unga.

"Kwani nimemkosea nani?" akauliza.

"Hujamkosea mtu, mama. Ila ukiomba ukakubaliwa, hakuna atakayekufungia. Unaweza hata kuweka bango."

Akaacha kukanda. "Bango la kuandikwa hoteli?"

"La kuandikwa hoteli."

Hapo ndipo nilipomshinda. Alikuwa anakwenda kisomo cha watu wazima, ameshafika mahali pa kusoma maneno mafupi, na nadhani alijiona akilisoma lile bango kila asubuhi kabla ya kufungua. Tukaandika maombi, yaani niliandika mimi, yeye akaweka sahihi yake mpya ambayo ilimchukua muda. Afisa akayapokea, akatupa tangazo lenye muhuri. Akasema libandikwe mlangoni majirani walione, mwenye pingamizi afike ofisini, kisha yeye atakuja kukagua jengo.

Nikalibandika kwa uji wa ngano. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na Mhindi muuza vitambaa. Jengo lao la ghorofa lilikuwa limetaifishwa miaka michache nyuma, naye sasa alikuwa mpangaji katika duka alilolijenga baba yake. Akatoka akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Sisi tulibandikiwa, ndugu yangu," akasema. "Wewe unajibandikia mwenyewe?"

Vibarua wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Nikamsomea tangazo lote kwa sauti, akatikisa kichwa.

"Wewe umesoma. Atakayepita kesho atasomewa na nani?"

"Si nipo," nikamjibu.

Na mama nilimwambia hivyohivyo. Mtu akiuliza, mlete kwangu nimweleze.

Kesho yake dereva niliyewahi kuwa utingo wake akaja kunywa chai. Alikuwa anapeleka mzigo Mwadui. Nilikuwa nasikia habari za shimo lile la almasi tangu utotoni na sijawahi kuliona. Dereva akasema ana nafasi mbele. Sikumaliza hata andazi. Nilimwambia mama nitarudi jioni, na wakati nasema nilijua kwamba sitarudi jioni.

Shimo hawakunionyesha. Niliishia kwenye uzio. Lakini nilipata watu wa kuzungumza nao, mmoja aliniambia hivi, mwingine vile, na siku zikapita.

Niliporudi, nyumba ilikuwa haina paa.

Niliiona nikiwa mbali, sikuelewa ninachokiona. Mbao za kenchi zilikuwa zimebaki juu kama mbavu. Milango ilikuwa imeng'olewa, isipokuwa ule wa mbele wenye karatasi. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi katikati ya hoteli yake, jua linampiga kichwani.

Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa uani akifunga kamba kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Safari ya kwanza ilikuwa imeshakwenda na mabati. Hii ilikuwa ya milango.

"Mwangaluka," akanisalimu kwa upole. Nikasahau hata kumwamkia shikamoo.

"Mzee, mmefanya nini?"

"Tumeokoa mali ya marehemu. Serikali imebandika."

"Karatasi haisemi hivyo! Inasema mama anaomba kibali cha hoteli. Niliibandika mimi!"

Hakuwa na hasira.

"Mwaka ule wa kuhamia vijijini," akasema, "na mimi niliambiwa nisubiri nielezwe. Aliyesubiri kuelezwa alibomolewa nyumba, akalala nje na wanawe. Mimi niling'oa bati langu mapema, watoto wangu hawakunyeshewa. Nilipopata habari kwamba nyumba ya mdogo wangu ina karatasi yenye muhuri, nilikuja usiku uleule. Nikauliza, nani anajua inasema nini? Wakasema ni mpangaji. Nikauliza, yuko wapi mpangaji?"

Akaendelea kufunga kamba.

Mama alikuwa amewaambia ni habari ya hoteli. Lakini walipomtaka awasomee aliweza "nyumba" na maneno mengine mafupi, akakwama kwenye marefu, na kadiri alivyozidi kukwama ndivyo walivyozidi kuharakisha.

Niliwaomba wayarudishe mabati. Mzee alikubali, ila mengi yalikuwa yameshapigiliwa kijijini kwenye nyumba ya wanawe, na mvua zilikuwa zinaanza. Nani angewaezulia watoto paa msimu ule? Afisa alikuja kukagua kama alivyosema. Akasimama mlangoni na faili lake, akatazama juu.

"Siwezi kubadilisha matumizi ya kuta," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona aibu.

Mvua ikashuka wiki ileile. Matofali mabichi hayavumilii. Ukuta wa jiko uliyeyuka kwanza, halafu wa mbele ukainama. Mama akahamia kijijini kwa shemeji yake.

Nilikwenda kumwona kabla ya kurudi Geita. Nilitembea siku nzima, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi. Aliniwekea kigoda, halafu akakisogeza.

"Kaa huku, mwanangu. Hapo panavuja, walitoboa matundu mapya ya misumari wakaacha ya zamani wazi."

Nikatazama juu. Mabati mawili yalikuwa meusi kwa moshi wa jiko lake la mjini. Nikaanza kusema yale niliyoyapanga, akanikatiza.

"Ile karatasi. Hukuwahi kunisomea mimi mpaka mwisho. Ulimsomea Mhindi."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeishika kichwani, nikamsomea polepole, mpaka pale panaposema mwenye pingamizi afike ofisini. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama yuko kisomoni.

"Kuna aliyekwenda kupinga?"

"Hakuna, mama."

"Hata Mhindi?"

"Hata yeye."

"Basi wangenipa," akasema.

Akainuka kunitafutia chai. Wakati anaupuliza moto niliyatazama yale mabati meusi, na sikuyasema tena yale maneno ya kuomba radhi, kwa sababu sikuona yangemsaidia nani zaidi yangu.