Kurasa za Mwalimu Agneta

Nikisikia harufu ya njugu zikikaangwa, vidole vyangu hujikunja vyenyewe. Mama aliuza njugu soko la Kakamega, nami nilisokota karatasi kuukuu kuwa vifuko. Nilihesabu kila kitu mara mbili. Wateja walisema nitaota mvi kabla ya magego.

Siku moja mfagiaji wa kanisa alituletea bunda la karatasi ngumu, nzuri.

"Zina madoadoa tu," alisema. "Hazina hata neno."

Zilikuwa arobaini na moja. Nikarudia: arobaini na moja.

Kufikia saa sita nilikuwa nasokota ya mwisho; nyingine zote zilikwisha kwenda na njugu kwa wateja. Ndipo akaja Mwalimu Agneta, mpiga kinanda wa kanisa, binti wa mlowezi Mzungu wa Lugari na mama Mkabarasi. Watu walimwita pointi faivu, yaani chotara, kisogoni, kisha wakampelekea watoto awafundishe kinanda. Alitazama kifuko changu, akaketi juu ya gunia letu bila kukaribishwa.

"Mama Nafula, huu ni muziki wangu. Nimeuandika miaka tisa. Wanafunzi wangu wanaupiga Jumapili, na nakala nyingine sina."

"Kwani wimbo huwanga bila maneno?" mama aliuliza. Lakini alikuwa tayari ananijazia ndoo vifuko vingine vya njugu. "Nenda naye. Karatasi moja ikirudi, kifuko kimoja. Usikubali kupunjwa."

Muuza mkaa alitaka viwili. Nikamwambia ukurasa wake umeingia masizi, ashukuru kwa kimoja.

"Na hii ni nini, Mwalimu?" akauliza.

Mwalimu aliushika ukurasa, akauimba polepole, midomo imefungwa.

"Kumbe. Hebu rudia hapo juu."

Akarudia. Kwa fundi cherehani, vilevile. Kwa muuza omena, mara tatu. Mimi namvuta sketi: jua linakwenda, kurasa kumi na mbili bado.

Tulikomboa thelathini na nane; pamoja na ule wa mkononi mwangu, thelathini na tisa. Ukurasa mmoja ulikuwa umewasha jiko la chapati, mwingine umepanda gari la Malava.

"Huo umenishinda kwa safari," Mwalimu alisema, akaenda kuziandika upya zote mbili kutoka kichwani.

Jumapili muuza mkaa, Mwislamu wa Mumias, alisimama mlangoni pa kanisa mpaka sehemu yake ilipopigwa. Akaitikia kwa kichwa, kama mwenye mali.

Kwa miaka mingi nilisimulia jinsi nilivyookoa muziki ule, licha ya mwalimu mwenye kupoteza muda. Nilikuwa mtu mzima nilipong'amua kwamba hakuwa akipoteza chochote. Miaka tisa alikuwa ameandika, na siku ile ndiyo ya kwanza watu kumwuliza hii ni nini.